Mkono wako unatamani kugusa nini? Wangu umepoteza hisia, nauliza kwa moyo wote

UziNaSindano

Habari zenu ndugu zangu.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 22. Wiki 11 zilizopita nilianguka nikiwa na bilauri mkononi. Kipande kimoja kilinikata upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa kulia. Kano mbili zilikatika, na pamoja nazo ule mshipa wa fahamu unaopita katikati ya mkono. Daktari aliuunganisha chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Nilipopata nafuu nilimwomba anionyeshe aina ya uzi aliotumia. Akauweka juu ya kitambaa cheupe, nikaona kama kivuli tu. Nimeshona maisha yangu yote, na sijawahi kumheshimu mshonaji mwenzangu kama nilivyomheshimu daktari yule siku ile.

Mshipa huo ndio unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho na ile nusu nyingine vina mshipa wao, vimesalimika. Kwa hiyo kwenye kidole changu cha pete kuna mpaka. Nikikipapasa kwa mkono wa kushoto, upande mmoja najisikia nikiguswa, nikivuka kidogo tu nakuwa kama nimeshika kidole cha mtu mwingine aliyelala.

Mkono unasogea, na nguvu inarudi polepole. Ila vidole vitatu na nusu havisemi neno. Nikitia mkono mfukoni sijui kama nimeshika sarafu au kifungo mpaka nitoe nitazame. Juzi nilishika pasi pasipostahili, nikajua nimeungua kwa kusikia harufu.

Sasa nije kwenye swali. Jambo ambalo sikulitarajia ni tamaa. Nilidhani nitahangaika na kazi, na kweli nahangaika, lakini usiku sioti kazi. Naota upindo wa shuka. Naota vumbi la chaki ya kuchorea likiwa bado kwenye vidole. Naota mahameli: ukiyapapasa kwa kushuka yanateleza, ukirudi juu yanakataa, na rangi inageuka kuwa nzito. Anayekata mahameli lazima vipande vyote vielekee upande mmoja, la sivyo gauni litaonekana limeshonwa kwa nguo mbili. Mimi sikuwa naangalia. Nilikuwa napitisha kidole mara moja na kuendelea.

Na zaidi ya yote natamani upande wa ndani wa kitambaa. Kila kitambaa kipya huwa nakigeuza kwanza, kwa sababu upande wa nje umetengenezwa kwa ajili ya macho. Ndani ndiko unakokutana na mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na nyuzi za upana, jinsi vilivyo, unajua kama nyuzi zimesokotwa vizuri au zimelazwa tu, unajua kama baada ya kufuliwa mara kumi kitakuwa mtumba au kitakuwa nguo.

Ninachouliza ni hiki. Katika siku yako ya kawaida, mkono wako unakimbilia nini kabla hujaupa ruhusa? Sitafuti majibu makubwa. Nataka vile vidogo, ambavyo hata nyumbani kwako hawajui kwamba unavigusa. Nikivisoma nahisi kama naviazima.

MsasaNaRanda

Pole sana dada. Swali lako nimelisoma mara mbili nikiwa nimeshika ukingo wa meza, ndipo nikagundua kwamba nimeushika.

Mimi ni seremala. Kinachoniita ni kona ya mbao baada ya msasa wa mwisho, kabla ya vanishi. Ile kona niliyoivunja makali kidogo, si ya duara na si ya kukata. Nikipita karibu na kabati lililomalizika, hata kama nakwenda kuchukua kitu kingine, mkono unashuka wenyewe mpaka pale. Fundi wangu aliyenifunza alikuwa akikagua kazi yangu akiwa amefumba macho, na mimi nafanya hivyo hivyo sasa. Alama ya randa ambayo jicho limeipita mara tatu, kidole kinasimama juu yake papo hapo.

Sikuwa najua ni kwa kiasi gani kidole kina uwezo huo mpaka niliposoma kuhusu jaribio lililofanywa Stockholm mwaka 2013. Watafiti walitengeneza nyuso zenye mikunjo midogo mno, wakawapa watu wapapase bila kuona. Walitofautisha uso laini kabisa na uso wenye mikunjo ya kimo cha nanomita 13. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita 50,000 hata zaidi. Ila sharti lake ni mwendo: kidole kipite juu ya kitu. Ukikiweka kidole kikatulia, habari hiyo inapotea. Kila seremala analijua hilo bila kuambiwa, hakuna anayekagua ubao kwa kuuwekea kidole kama anapiga muhuri.

Wako pia wanasaikolojia wawili, Susan Lederman na Roberta Klatzky, walioandika mwaka 1987 kwamba mkono una miondoko yake maalumu kulingana na unachotaka kujua. Nilipoisoma orodha yao nilifurahi, kwa sababu maneno yote tunayo. Unataka kujua kama ni laini au kinaparuza, unapapasa. Ugumu, unabonyeza au unatomasa. Joto, unautuliza mkono. Uzito, unanyanyua. Ukubwa, unafumbata. Umbo, unafuata ukingo. Nilianza kuwatazama wateja wangu kwa jicho hilo. Mtu anaingia, hasemi kitu, anafuata ukingo wa meza mpaka mwisho, anatuliza kiganja katikati. Ndipo anauliza bei. Akishatuliza kiganja najua meza ile moyoni mwake imeshakuwa yake. Hili nalo limepimwa. Joann Peck na Suzanne Shu walionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akikigusa kitu tu, hisia ya kukimiliki inapanda.

Kwako ningesema usiache kugusa kwa sababu hausikii. Fundi akipoteza macho haachi kazi ya mbao.

UziNaSindano

Kaka, hiyo ya kufuata ukingo na kutuliza kiganja nitaikumbuka. Kwenye vitambaa ni hivyo hivyo. Anayejua nguo haipapasi kwa kiganja, anaichukua kati ya dole gumba na kidole cha shahada na kuisugua yenyewe kwa yenyewe. Pamba ina usugu mdogo wa kirafiki. Kitani kinakupokea kwa ubaridi kwa sababu kinachukua joto la ngozi yako haraka. Sufu inachoma kwa ncha ndogo ndogo. Hariri ukiifinya karibu na sikio utaisikia inalia.

Vidole hivyo viwili ndivyo nilivyovikosa, vyote kwa pamoja. Mkono wa kushoto umekuwa ukishikilia tu miaka yote, na sasa nauomba uamue. Unashika vizuri, lakini hauna uzoefu. Nikiupa vipande viwili vya pamba vinavyokaribiana unasema vyote ni sawa, na mimi najua si sawa.

BabuWaJioni

Binti yangu, mimi si mtu wa kuandika sana.

Mke wangu amefariki miaka mitatu sasa. Watu waliniandaa kwa upweke na kwa ukimya wa nyumba. Hakuna aliyeniambia kuhusu ngozi. Zinapita wiki tatu, nne, hakuna mtu aliyenigusa zaidi ya kupeana mkono. Halafu nakwenda kunyolewa, kijana ananiinamisha kichwa kwa vidole viwili, anafagia nywele shingoni kwa kiganja, na machozi yananilenga. Huwa nafumba macho ili asione. Zamani nilinyoa mara moja kwa mwezi. Siku hizi mara mbili, na nywele zenyewe si nyingi.

Ninachotamani ni kitu kimoja: mkono wa mtu utue begani mwangu nikiwa nimekaa, anapopita nyuma ya kiti kwenda kufanya mambo yake. Alikuwa anafanya hivyo. Hakuwa anasimama.

UziNaSindano

Shikamoo mzee wangu.

Jibu lako nimelisoma jana nikashindwa kuandika. Nimekaa nalo siku nzima.

Mimi nililia kwa sababu siwezi kugusa. Wewe unalia kwa sababu huguswi. Sikuwa nimetenganisha mambo hayo mawili kabisa, na sasa naona jinsi tamaa yangu ilivyokuwa ya upande mmoja. Asubuhi hii mama yangu alikuwa amekaa akichambua shanga. Nikapita nyuma yake nikamwekea mkono begani, ule mzima. Sikusimama. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama kuna tatizo, na nilipomwambia hakuna akaendelea na shanga zake, ila aliendelea polepole.

BabuWaJioni

Marahaba binti yangu. Asante kwa kuniambia.

ZamuYaUsiku

Natokea kazini, nisamehewe nikirukaruka. Ni muuguzi wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati.

Kwanza nikujibu swali. Mkono wangu unatamani kisigino cha mtoto mchanga. Kila anayefanya kazi hii ana sehemu yake. Wengine ni utosi, wengine ni sikio lile ambalo bado halijakaza. Kwangu ni kisigino, kinaenea chote kwenye ncha ya kidole gumba, na hakijawahi kukanyaga kitu chochote duniani.

Pili, mzee wetu hapo juu hajabuni kitu, na wala si udhaifu. Ngozi ina neva, yaani mishipa ya fahamu, za aina zaidi ya moja. Zipo za haraka, zinazoleta habari kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde: nini kimekugusa, wapi, kinaparuza au kinateleza. Hizo zimejaa kwenye ncha za vidole. Zipo pia nyembamba na za polepole, zinazokwenda kama mita moja kwa sekunde, kasi ya mtu anayetembea. Hizi ziko nyingi kwenye ngozi yenye vinyweleo: mkono wa mbele (kati ya kiwiko na kifundo), mgongo, mabega, shingo. Hazikuambii kitu ni nini. Zinaitika zaidi zikipapaswa taratibu, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, kwa kitu chenye uvuguvugu wa ngozi. Mpe mzazi mtoto wake, usimwambie lolote, mkono wake utakwenda kwa mwendo huo huo. Hakuna anayewafundisha.

Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Håkan Olausson waliandika habari za mwanamke aliyepoteza neva zote za haraka za mguso kutokana na ugonjwa. Alikuwa akisema hana hisia ya kuguswa kabisa. Walipompitishia brashi laini kwenye mkono wa mbele, taratibu, alihisi mguso hafifu wa kupendeza. Kile kinachofariji kilikuwa kimebaki wakati kile kinachotambua kimekwenda.

Ndiyo maana nakuandikia, dada. Mshipa uliokatika kwako unahudumia zaidi upande wa kiganja. Mgongo wa mkono, ukitoa sehemu ya mbele ya vidole hivyo karibu na kucha, una mishipa mingine. Mkono wa mbele wote uko hai. Mahameli yako hayo unayoyaota, hebu yapitishe juu ya mgongo wa mkono na ndani ya mkono wa mbele, ukiwa umefumba macho, polepole. Hautakuwa ukaguzi wa fundi. Kidole hakiwezi kukopwa. Lakini naomba ujaribu.

Nikimalizia, kwenye kazi yetu mambo haya hayakuwa na nafasi sikuzote. Ilikuwa mtoto njiti anawekwa kwenye mashine ya kumtunzia joto na mikono inazuiwa. Mwaka 1978, Bogotá huko Kolombia, mashine zilikuwa hazitoshi, na Daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwaweka watoto kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Ilianza kwa sababu ya upungufu wa vifaa. Leo wenye mashine za kutosha wanafanya hivyo pia. Na mwaka 1986 Tiffany Field na wenzake walionyesha kwamba watoto njiti waliokandwa taratibu kwa dakika 15, mara tatu kwa siku, kwa siku 10, waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao, na wote walikuwa wakinyonya kiasi kile kile. Mimi huwakumbuka wale walioguswa kwa shida kwenye mashine kabla ya hapo. Sasa hivi ni watu wazima, wako kati yetu.

NuktaSita

Mimi sioni tangu utotoni na nasoma kwa vidole, kwa hiyo mada hii imenivuta shati.

Niondoe jambo moja njiani. Watu wanadhani natamani kugusa nyuso zao. Sitamani. Uso wa mtu ni wake, na mtu namjua kwa sauti na kwa hatua zake. Ninachotamani ni karatasi mpya. Nukta za breli zikiwa bado hazijachakazwa zina ncha, kila moja imesimama peke yake. Kitabu kilichosomwa na wengi kinakuwa kama kokoto za mtoni, unakisoma kwa kukisia. Nikipata kitabu ambacho hakijapitiwa na mtu, huwa sianzi kusoma. Nafungua katikati nipitishe mkono mzima kwanza, kama mtu anayenusa.

Louis Braille alikuwa na miaka 15 alipoupanga mfumo huu, mwaka 1824. Kabla yake watoto wa shule yake walipewa herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Herufi hizo zilitungwa na watu wanaoona, zinapendeza jicho, ila kidole kinapotea ndani yake. Braille alikuwa kipofu mwenyewe. Alichukua nukta sita, mbili kwa tatu, zikae chini ya ncha moja ya kidole bila kukisogeza juu na chini. Kati ya nukta na nukta kuna milimita 2 na nusu hivi. Linganisha na alichokipima Ernst Weber kwa ncha mbili za bikari na kukiandika mwaka 1834: kwenye ncha ya kidole mtu anatenganisha ncha zilizoachana kwa kama milimita 2, na kwenye mgongo anahitaji sentimita kadhaa. Kijana yule alikuwa amekwisha kufika kwenye kipimo kile miaka 10 kabla, kwa kidole chake mwenyewe.

Kwa hiyo ninapoisikia habari ya upande wa ndani wa kitambaa naielewa mno. Ulimwengu mwingi umetengenezwa upande wa nje tu. Simu yangu inaongea nami vizuri, nashukuru, lakini ni kioo. Siku nzima vidole vya watu vinapita juu ya kioo, na kioo ni kile kile ukisoma barua ya msiba au ukitazama picha ya harusi.

Halafu kuna mahali mikono inakatazwa. Makumbusho mengi nimesimama mbele ya kamba nikisimuliwa sanamu. Ancona, Italia, kuna makumbusho inaitwa Museo Omero, tangu mwaka 1993, ambayo vitu vyake vimewekwa ili viguswe. Sijafika. Nataka kufika kabla sijafa. Na nimesoma kwamba sanamu ya shaba ya Mtakatifu Petro kule Vatikani vidole vya mguu wake vimelainika hadi kupoteza umbo, kwa kushikwa na mahujaji karne baada ya karne. Wengi wao walikuwa wanaona. Macho yao hayakuwatosha.

Ushauri wangu kwako, hisia zikianza kurudi: usibonyeze. Kila anayeanza kujifunza breli anabonyeza, akidhani akikazana nukta zitaongea kwa sauti. Zinazimika. Gusa kama unapangusa vumbi juu ya kitu usichotaka kukiamsha.

KokotoMfukoni

Mimi ni mwanafunzi, jibu langu ni fupi. Nina kokoto moja nyeusi nimekaa nayo mfukoni tangu nikiwa na miaka tisa. Ni bapa, upande mmoja ina kibonyeo ambacho dole gumba langu limekua nacho. Kwenye mitihani naishika mkono wa kushoto. Sijawahi kumwambia mtu, naona watasema ni utoto. Dada, nikisoma swali lako nilijiuliza ikiwa nikipoteza hisia za kidole hicho, je, hiyo kokoto itakuwa bado yangu. Sijapata jibu.

UziNaSindano

Mdogo wangu KokotoMfukoni, si utoto. Endelea kuishika.

Ndugu zangu, nimekaa kimya wiki sita, mnisamehe. Nilitaka nije nikiwa na la kusema.

ZamuYaUsiku, niliyafanya yale uliyosema, usiku ule ule. Nilichukua kipande cha mahameli ya rangi ya zambarau, mabaki ya kazi ya zamani, nikafumba macho nikakipitisha ndani ya mkono wa mbele kuelekea kwenye kiwiko, polepole, kisha nikakirudisha. Ulisema kweli kwamba si ukaguzi. Sikuweza kusema kama ni ya pamba au ya hariri, wala upande wa vinyweleo sikuutambua vizuri. Lakini mwili ulitulia. Nilikuwa nimejikaza mabega kwa wiki nyingi bila kujua, yakashuka. Nimefanya hivyo kila usiku tangu hapo.

Niwaeleze hali ya mkono. Mtaalamu wangu wa fiziotherapia alinifafanulia kwamba mshipa uliokatwa unaota upya kuanzia pale uliposhonwa, baada ya wiki chache za mwanzo za kusubiri, kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku. Nilirudi nyumbani nikachukua tepu yangu ya kupimia, ile ile niliyopimia viuno na mabega ya watu miaka yote hii, nikajipima. Kutoka kwenye kovu hadi shina la kidole gumba ni sentimita 9. Hadi ncha ya kidole cha kati ni sentimita 19. Nikapiga hesabu na kuandika tarehe kwa chaki ukutani kwenye chumba cha kushonea.

Kila wiki ananigonga kidogo kidogo kwa ncha ya kidole chake, kuanzia kwenye kovu kuja mbele. Mahali ambapo napata mshtuko kama wa umeme mdogo, hapo ndipo mshipa ulipofika. Anaweka nukta kwa kalamu. Nina msururu wa nukta kiganjani sasa, zimepishana milimita 6, 7, 8, kama alama za kutoboa vifungo. Naziangalia kuliko ninavyoangalia saa.

Ameniambia kwamba kwa kawaida maumivu na joto na baridi hutangulia, kisha mguso unaosogea, kisha mguso uliotulia, na mwisho kabisa ndiyo ule uwezo wa kutofautisha kitu na kitu. Ameniambia pia, bila kunificha, kwamba kwa mtu mzima wa umri wangu huo wa mwisho mara nyingi haurudi wote. Huenda nikaja kushika kitani na kujua kwamba nimeshika kitambaa, basi. Nilipotoka kwake siku hiyo nilikaa kwenye ngazi muda mrefu. Nilikuwa nafikiria wateja ambao watakuja na kunipa kitambaa wakisema fundi hebu kishike uniambie.

Mazoezi ni kugusa nikiwa natazama, kwa mkono mzima kisha kwa mkono mgonjwa, halafu kurudia nikiwa nimefumba macho, mpaka ubongo ujifunze lugha ya mshipa mpya. Anasema mshipa unaporudi nyuzi zake haziingii zote kwenye makazi yao ya zamani, kwa hiyo ubongo unapokea barua zenye anwani zilizochanganyika. Nimejipangia vipande kumi na viwili kwenye ubao, nimevibana kwa pini: jinzi, pamba nyembamba, pamba nzito, kitani, satini, sufu, mahameli, bitana, na vingine. Kila asubuhi nusu saa, kabla ya kitu kingine. NuktaSita, neno lako nimeliandika juu ya ubao huo: usibonyeze.

MsasaNaRanda, mkono wa kushoto umeanza kuamua. Juzi ulinikatalia kitambaa kimoja ambacho macho yangu yalikikubali. Nilikipeleka kwenye mwanga nikakuta nyuzi zimelegea.

Mzee wangu BabuWaJioni, mama sasa ameanza na yeye. Akipita nyuma ya cherehani ananigusa kisogoni.

Na hiki ndicho kilichonileta leo. Asubuhi nilikuwa napitisha satini chini ya dole gumba la kulia, nimefumba macho, mkono wa kushoto ndio unaovuta kitambaa. Siku 119 tangu nikatike. Pale kwenye shina la dole gumba, kitu kilisogea. Nikaacha kuvuta, kikanyamaza. Nikavuta tena, kikasogea. Nilifanya hivyo mara nyingi sana, nikamwita mama aje avute yeye ili nisijidanganye, nikawa namwambia sasa unavuta, sasa umeacha, sasa unavuta, na kila mara alisema ndiyo.

Ni kitambaa gani, sikujua. Nilijua kwamba kinapita.